Amplifaya Yenye Taa za Kijani

Nakumbuka asubuhi moja pale landhi za reli, nyumba za wafanyakazi, Voi, mama aliponiita nikiwa nafunga viatu vya safari ya Mombasa. Alikuwa ameketi kitandani na santuri moja magotini, ameifunga kwa leso yake ya kanisani, akaninyooshea kwa mikono miwili.

"Nenda nayo, Mwakio," akaniambia. "Waambie waipige hiyo kwanza. Chombo kitakachonisikizisha Mkamburi, hicho ndicho ununue."

Mwanangu, najua siku hizi unazunguka madukani ukitafuta amplifaya ya nyumbani, na umeniuliza wati ngapi zinatosha. Wati nitazifikia. Wewe keti kwanza nikueleze habari ya mama.

Mama alikuwa haoni. Ugonjwa wa macho ulimwanza tukiwa bado kwetu Mgange, na baba alipofariki nikamteremsha akae nami Voi, ambako nilikuwa karani wa mizigo stesheni. Mkamburi alikuwa dada yangu, mkubwa wangu. Aliimba katika kwaya ya kanisa letu kule mlimani, na mwaka mmoja watu wa kurekodi walipanda na mashine zao wakaitia kwaya nzima kwenye santuri. Baadaye akaolewa Mahoo, upande wa Taveta, akafia huko kwenye uzazi. Siku ya maziko mama aliupapasa uso wake kwa vidole, kwa kuwa macho yake mwenyewe mama yalikuwa yameshafumba. Aliniambia kwamba sura ya mtoto wake ilikuwa ikimtoroka kidogo kidogo, lakini sauti bado alikuwa nayo, imo ndani ya santuri.

Mkamburi alikuwa na tabia moja. Kwaya ikifika ubeti wa tatu, alivuta pumzi kwa nguvu akaingia mbele ya wenzake, kitambo kidogo tu. Mwalimu wa kwaya alimgombeza mpaka akachoka mwenyewe. Kosa hilo limo kwenye santuri mpaka leo. Kwenye gramafoni yetu ndogo mama alikuwa akiegemeza sikio kwenye kitambaa cha spika, akingoja huo ubeti wa tatu. Siku nyingine alimpata, siku nyingine hakumpata, maana kale kagramafoni kalikuwa kamechoka na sauti zote zilitoka zimerundikana. Kwa hiyo niliposema nitanunua vyombo vya maana, spika mbili kubwa na amplifaya ya kweli, alifurahi kuliko mimi.

Nami nilikuwa nimefurahi, usinione hivi. Kijana wa Kidawida, Mtaita wa mlimani, ana kazi ya reli na nyumba yenye umeme! Kwetu mlimani umeme ulikuwa bado haujapanda, na binamu zangu wakiteremka Voi walikuwa wakiwasha taa na kuizima mpaka niwafukuze. Ile gramafoni ndogo niliiuza kabla hata sijasafiri, nikaona si hadhi yangu tena.

Duka lenyewe lilikuwa la mzee mmoja wa pwani, mpole, mwenye kofia iliyoshonwa kwa mkono. Alinionyesha amplifaya mbili. Moja ilikuwa sanduku jeusi lisilo na mapambo, vifundo vichache vya kuzungusha mbele, na nilipojaribu kuinyanyua niliguna. Ya pili ilikuwa na uso wa fedha unaong'aa, taa za kijani, na vidirisha viwili vya kupimia sauti ambamo sindano zilicheza kila ngoma ilipodunda. Mwanangu, zile sindano! Nilizitazama nikasahau kwamba nimekuja kusikiliza.

"Umekuja na santuri yako, mwanangu?" mzee akaniuliza. "Kitu hiki hakijaribiwi kwa nyimbo za watu. Lete unayoijua wewe, ile hata pumzi zake unazijua."

Santuri ilikuwa kwenye kikapu, miguuni pangu, ndani ya leso ya mama. Lakini dukani walikuwamo vijana wa mjini, suruali zao pana chini, wanasikiliza muziki wa ng'ambo na kutingisha vichwa. Nikajiona nikifungua leso yenye harufu ya moshi wa jikoni, nikitoa kwaya ya mlimani, akina mama wakiimba Kidawida mbele ya wale vijana. Kikapu nikakisukuma kwa kisigino chini ya meza.

"Sina," nikamjibu.

Mzee alinitazama kidogo. Akapiga rumba, sindano zikacheza, nami nikaelekeza kidole kwenye ile ya taa, pamoja na spika mbili na mashine ya kuzungushia santuri. Wazee walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, lakini kijana hausikii msemo huo mpaka akate huo mti kwa meno yake. Wakati wa kunifungia mzigo akaniambia, "Kama masikio ya nyumbani yataikataa, nirudishie mapema, kabla haijazoea vumbi la Voi." Nikacheka, nikaona ni maneno ya biashara.

Kwetu, kitu kipya hakitumiki hivi hivi. Mzazi hutia kinywani funda la pombe ya miwa, au maji tu kama ni mtu wa kanisa, akaipuliza ikarusha matone, huku akitamka kwamba moyoni hana kinyongo na mwenye kitu hicho. Ndiko kutasa. Mama alikuwa ameshajiandaa na kikombe chake cha maji. Alipoikaribia meza nilipiga kelele, "Mama, weee! Maji na umeme havipatani!" Akacheka, akapapasa ukuta mpaka mlangoni, akapuliza maji yake nje kwenye vumbi, akasema hana kinyongo na mwanawe, nyumba hii ipate amani. Nikamsubiri amalize, mkono wangu uko kwenye swichi.

Majirani wa landhi walikuwa wamejaa chumbani. Nilipowasha, taa za kijani ziliwaka na watu wakasema "Aaah!" kabla sauti yoyote haijatoka. Nikapiga rumba kwanza, madirisha yakatetemeka, wakanipigia makofi. Halafu mama akasema kwa upole, "Sasa mpigie Mkamburi."

Nikaiweka santuri. Besi za wanaume zilitoka nzito, zikajaa chumba chote. Sauti za wanawake zilikuwamo, lakini kwa nyuma, zimefunikwa. Nilizungusha vifundo huku na huku. Nikipunguza sauti, kwaya yote inakuwa mvumo tu. Nikiongeza, inakuwa kelele. Ubeti wa tatu ulifika ukapita. Mama alikuwa ameinamisha kichwa, mkono nyuma ya sikio.

"Rudia," akasema. Nikarudia. Ubeti wa tatu ukapita tena.

"Mkamburi hayumo," akasema. Kisha akageuza uso upande niliosimama. "Lakini wewe ulimsikia kule dukani? Walipoipiga?"

Chumba kilikuwa kimejaa watu, mwanangu, wote wananisubiri mimi. Ningeweza kusema, "Mama, sikuipiga. Niliona haya." Maneno machache tu. Badala yake nikasema, "Nilimsikia, mama. Vizuri kabisa."

Akashusha ule mkono kutoka sikioni, taratibu, akauweka mapajani.

"Basi ni masikio yangu," akasema. "Macho yametangulia, na masikio nayo yanafuata. Si kitu. Wapigie wageni rumba."

Nikawapigia wageni rumba. Mungu anisamehe.

Ningeweza kuirudisha ile amplifaya, mzee alishanipa ruhusa. Lakini nilikuwa nimeshaahidi kuipeleka Maungu kwenye harusi ya rafiki yangu, na sifa yangu ilikuwa imepanda gari moshi ikafika Maungu kabla yangu. Huko wakaleta jenereta na spika za kuazima, kila mtu akiunganisha yake, nami nasema tia tu, chombo kina nguvu. Si wamesema ngoma ikilia sana hupasuka? Ngoma yangu haikupasuka, ilitoa moshi. Bibi harusi hakuwa hata amekata keki. Nilirudi Voi na sanduku la fedha linalonuka kuungua, na taa zake za kijani hazikuwaka tena.

Mama hakunilaumu. Alinipa pole, akanipikia uji mwenyewe kwa kupapasa. Ila tangu siku ile ya majirani alibadilika. Mtu akimsemesha, alijibu, "Sema kwa nguvu, mimi sisikii," hata kama alikuwa amesikia. Kanisani akaacha kuimba, akisema ataharibu nyimbo za watu kwa kuwa hajisikii mwenyewe. Siku moja nilimwona ameisikia treni ya mizigo kabla yangu mimi, ameinua kichwa, halafu akakiinamisha kwa haraka, kama vile hana haki ya kuisikia. Hapo nilifungua kinywa nimwambie. Nikakifunga. Nilijiambia nitanunua chombo kingine, atamsikia mtoto wake, na mambo yataisha bila mimi kujivua nguo. Baadaye akaomba arudi Mgange. Mvua za masika zilipoanza akaugua kifua, na nilipopanda mlima nilikuta wameshamfunika uso.

Majuto ni mjukuu, mwanangu, na mjukuu huyu wangu hakui akahama.

Ilipita miaka ndipo nikarudi kwa yule mzee wa Mombasa. Alikuwa amezeeka, lakini swali lake lilikuwa lile lile. "Umekuja na santuri yako?" Safari hii niliitoa kwenye leso mbele ya watu wote, na ile leso hata kunuka moshi ilikuwa imeshaacha. Akaiweka kwenye sanduku jeusi, ndugu wa lile nililoliacha, akafungua sauti kidogo tu, kiasi cha mtu kuongea na jirani yake.

Kila mmoja alikuwa mahali pake. Wanaume nyuma, wanawake mbele, na mwalimu wa kwaya nilimsikia akigonga mguu. Ukakaribia ubeti wa tatu. Hapo, mbele ya wote, upande wa kushoto, dada yangu akavuta pumzi, akaingia mapema.

Nililia pale dukani, mtu mzima na tai yangu shingoni. Mzee akasubiri, kisha akauliza, "Nani huyo?"

"Dada yangu."

"Na aliyekuwa akimtafuta?"

"Mama."

"Basi mchukulie chombo, ukamsikizishe," akasema, kwa wema kabisa, naye hajui.

Sasa wati zako. Mwanangu, usianze na wati. Anza na spika ulizo nazo, uliza zinataka nini, kisha tafuta amplifaya itakayozimudu bila kuhema. Inyanyue, maana nzuri kwa kawaida ina uzito wake. Isikilize kwa sauti ndogo, kwa sababu kupiga kelele hata debe linaweza. Taa na sindano utazizoea kabla ya mwezi kwisha. Nenda na santuri yako mwenyewe, na kama nyumbani kuna mtu atakayeketi kusikiliza kuliko wewe, nenda naye, hata kama hana viatu, hata kama leso yake inanuka moshi. Masikio yake ndiyo yachague.

Hilo la amplifaya ni dogo. Kubwa ni hili: ukimdanganya mtu ukaona ameanza kujilaumu kwa uongo wako, usingoje zawadi ya kumponyea. Mwambie siku hiyo hiyo, watu wakiwamo, uso wako ukiungua. Mama yangu alikuwa na masikio mazima. Alikufa akiamini ni kiziwi, na mtu pekee aliyejua ukweli ni mimi niliyemshika mkono kumpeleka kanisani.

Haya, nipe hicho kikombe cha maji. Usiogope, sipulizii vyombo vyako, nitapulizia mlangoni, kama alivyofanya mama. Sina kinyongo nawe, mwanangu. Nyumba yako ipate amani. Utakachokinunua kikutunzie sauti za watu wako wakiwa bado wapo, na akikuuliza mama yako swali dogo, Mungu akupe ulimi wa kumjibu kweli.