Kadhi Alipouliza Kilichopikwa

Mwaka ule nilioachwa, Bagamoyo ilijaa wapagazi wa kutoka bara, na mume wangu alikuwa akipata kuliko wakati wowote tuliokaa pamoja. Alinunua sandarusi, ile gundi ya miti inayochimbwa ardhini, kwa wachimbaji wa Kiwangwa akawauzia Wahindi wa mjini. Nalijua hilo vizuri, maana mimi ndiye niliyekuwa nikiiosha mchanga uani kwetu. Kwa hiyo aliponiletea salamu kwamba hana uwezo wa kumlisha mtoto wetu, kwanza nilicheka. Kisha mjumbe akamalizia: kama nami siwezi, atamchukua ampeleke Kiwangwa, akalelewe na dada yake. Kicheko kikanikauka.

Mtoto mwenyewe alikuwa wa kike, hajang'oa jino hata moja. Eda yangu ilikuwa imekwisha, wazazi wangu wamekufa, nami nimerudi kwa kaka yangu, mwenye wake wawili na watoto tele. Kila tulipokaa kula nilimwona mke wake mkubwa akiufuata kwa macho mkono wa mwanangu unavyokwenda kwenye sinia. Hakusema neno. Afadhali angesema.

Nikaenda kwa kadhi. Alihukumu nyumbani kwake, wanaume wamekaa barazani na sisi wanawake ndani, nyuma ya mlango, tumejifunika. Kwa upenyo nilimwona mume wangu kavaa kanzu kuukuu, ile ya kupimia sandarusi, na miguuni hana kitu. Kanzu zake nzuri nilizijua.

"Bwana Kadhi, mimi fakiri," alisema. "Nimebaki na jina tu."

Kadhi alikuwa mtu wa sauti ndogo, ikabidi sote tunyamaze ili tumsikie. Akasema mtoto mdogo hukaa kwa mama yake, na chakula na nguo ni juu ya baba. Kipimo chake si tamaa ya mama wala kilio cha baba, bali ni hali ya baba ilivyo. Nikangoja aulize habari za sandarusi. Hakuuliza.

"Jana mchana," alisema, "nyumbani kwako kulipikwa nini?"

Mume wangu akawatazama waliokaa. Pale barazani walikuwapo majirani wa msikitini kwake, na karibu naye kabisa alikaa baba wa mke aliyemwoa baada yangu. Kwetu mwungwana hulala na njaa mlango umefungwa, lakini hasemi mbele ya watu kwamba amekula mhogo, seuze mbele ya mkwe. Angesema "mhogo na chumvi", ningepewa mtama kidogo, na mwanangu angekwenda Kiwangwa kabla ya mwezi kuandama. Niliing'ata shela yangu.

"Wali," akasema. "Wali wa nazi."

"Na kitoweo?"

"Kuku."

"Basi na mwanao ale wali," kadhi akasema, akaamuru kibaba cha mchele kila siku, na kitoweo, na nguo kila Idd. Mdomo uliponza kichwa. Nilifurahi, tena nilifurahi kwa ubaya.

Kisha kadhi akaelekeza sauti mlangoni. "Nawe, mwanangu, fahamu. Siku utakayoolewa na mume mwingine, haki ya kukaa na mtoto itakutoka. Mama yako yu hai?"

"Amekufa, shehe."

"Basi mtoto atakwenda upande wa baba."

Nikajibu nimesikia. Mume wangu naye alisikia.

Mchele ukaja bila kukosa, nami nikajiona mshindi. Baada ya mfungo, mtu mmoja wa Kaole akaja kuniposa, mtu wa heshima, mahari tayari. Nilimsikia akizungumza ukumbini na kaka, taratibu, akimwuliza hali za watoto wake mmoja mmoja. Sauti yake ilinipendeza. Alipoondoka nikamwuliza kaka nani kamleta.

"Mumeo wa zamani," alisema. "Amekusifu sana. Hata karamu atasaidia."

 Nikamkumbusha maneno ya kadhi: nikiolewa, mtoto atakwenda kwa baba yake.

"Mdogo wangu, wewe bado kijana," akasema. "Utazaa wengine."

Kikulacho ki nguoni mwako. Kaka hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka kutulisha, nadhani, na mke wake amemchosha zaidi. Alikwisha kuwapa waposaji neno lake. Siku ya kuja kuniuliza, alisimama mlangoni na mashahidi wawili, yule bwana wa Kaole ameketi nyuma yao. Mwanamwali akiulizwa akanyamaza, kimya chake ni ridhaa. Aliyekwisha kuolewa sharti atamke mwenyewe. Kaka alitegemea haya zangu: kwamba sitamvunjia uso mbele ya wageni. Na haya ninazo. Uani nilimsikia mwanangu akigombana na binamu zake.

"Umeridhia?" kaka akauliza.

"Sikuridhia."

"Hukusikia vizuri."

"Nimesikia, kaka. Huyu bwana hana kosa. Simtaki yeye, wala atakayemfuata."

Kaka hakusema nami tena mpaka mvua za masika. Wanaume wakaacha kuja, na mwanangu nikamlea mwenyewe mpaka nikamwoza. Watu hunisifu kwamba nilimtaka mwanangu tu, kana kwamba sikuwa na kingine moyoni. Siku ile yule bwana wa Kaole aliniaga kwa adabu kutoka upande wa pili wa mlango, akaniombea heri. Nasema bila haya: nilimtaka na yeye.