Masharubu ya Mkwe

Mtaani walimwita Mheshimiwa, na si kwa kumheshimu. Fundi huyu wa makoti na suruali alikuwa na tabia iliyowakera watu: angepishana njiani na mtu aliyemshonea juzi tu, akamtazama usoni kama anayetazama ukuta, akaenda zake. Kesho yake mtu yule yule akiingia dukani na kufungua mdomo, fundi alimpokea kama ndugu aliyerudi kutoka safari ndefu.

"Ana salamu za biashara yule," watu walisema. "Nje ya duka hakujui."

Tangu utotoni alikuwa hivyo. Shuleni alichapwa kwa kumpita mwalimu mkuu bila kumwamkia, kisa mwalimu mkuu siku hiyo alivaa kofia. Siku ya harusi yake, bibi arusi alipoletwa amepambwa kuanzia utosini hadi kucha, bwana arusi alitokwa jasho: ni huyu kweli au nimeletewa mwingine? Alitulia pale tu alipomsikia akicheka, maana kicheko kile hakikuwa na pacha duniani. Hakumwambia mtu. Alidhani binadamu wote wako hivyo, ila wenzake wana bidii zaidi ya kukariri.

Ushonaji ulimfaa. Dukani watu huja na sauti zao, mabega yao na mwendo wao, na hivyo vilimkaa kichwani bila taabu. Sura peke yake ndiyo iliyomwagika kama maji kwenye chekeche.

Mambo yaliharibika kitinda mimba wake, binti muuguzi, alipochumbiwa na kijana wa mwoka mikate. Siku ya kujitambulisha, mwoka mikate alikaa pembeni na masharubu yake mazito kama brashi ya viatu, akamwachia kaka yake maneno yote. Wiki iliyofuata fundi alimpita sokoni kimya.

"Labda hakuniona," mwoka mikate alimwambia mkewe.

Mara ya pili walikutana mlangoni pa posta, pua kwa pua. Mwoka mikate akanyoosha mkono. Fundi akadhani mtu anaomba njia, akasogea pembeni kwa adabu zote. Mkono ukabaki hewani, watu wanaona. Jioni ujumbe ulifika: mwanangu haoi kwenye nyumba ya watu wanaotuona takataka.

"Baba, amekukosea nini?" binti aliuliza, macho yamemvimba kwa kulia.

"Nani? Mimi sijamwona tangu siku ile walipokuja!"

"Umesimama naye uso kwa uso leo hii!"

Fundi alikaa chini. Kwa mara ya kwanza maishani, akasema siri yake: sura za watu hazimkai kichwani. Mkewe, miaka yote ile kitanda kimoja, akashika kiuno.

"Kwa hiyo mimi hunijui?"

"Nakujua sana. Cheka kidogo."

Binti ndiye aliyempeleka chuoni, kwa watafiti wa ubongo waliokuwa wakitafuta watu wa kutazama picha. Daktari mmoja, mwanamke mchangamfu mwenye sauti nzito, aliwapitisha kwenye chumba ambamo kijana alikuwa amelala fofofo mchana kweupe, kichwa kimevikwa kofia ya nyaya.

"Huyu alikariri picha asubuhi," daktari alinong'ona. "Akiamka tutaona usingizi umemhifadhia ngapi. Mtu akilala, ubongo unaendelea kupanga ya mchana."

"Analala, kisha mnamshukuru?"

"Na chai tunampa."

"Binti yangu," fundi alimgeukia mwanawe, "kazi kama hii mbona hukuniambia nikiwa kijana?"

Zamu yake ilipofika, alilazwa ndani ya mashine ya sumaku ya kupiga picha za ubongo, iliyopiga kelele kama cherehani mbovu zinazogombana. Mbele ya macho yake zilipita picha: nyumba, viatu, makoti, sura. Baadaye mezani daktari akamwonyesha sura zilizokatwa nywele na masikio.

"Huyu?"

"Simjui. Lakini ana uso wa mtu mbishi."

Binti aliziba mdomo kwa kiganja. "Baba, huyo ni wewe."

Daktari hakumcheka. Alimweleza kwamba macho yake ni mazima, ndiyo maana anatunga uzi kwenye sindano bila miwani. Lakini macho hupokea tu. Kuna sehemu za ubongo, moja iko chini kuelekea kisogoni, ambazo kwa watu wengi huamka kwa nguvu zikiona sura ya mtu. "Kwako, sura na koti vimeziamsha karibu sawasawa. Kwa nini, bado tunatafuta. Wapo wengi waliozaliwa hivi, na wengi hawajijui."

"Dawa?"

"Hatuna. Tafuta alama nyingine. Na waambie watu."

Waambie watu! Jamani, ni mangapi tunayabandika jina la kiburi kabla ya kuuliza swali moja tu? Fundi alirudi akitembea kama mtu aliyetuliwa gunia la saruji, na kuanzia siku hiyo kila mteja alisimuliwa habari za mashine, atake asitake.

Mpango wake ulikuwa mwepesi. Jumapili angekwenda kuomba radhi kwa mkwe wake mwoka mikate, na ili asikosee tena, alikariri masharubu.

Mkwe hakungoja Jumapili. Alikuja mwenyewe Ijumaa mchana, amevaa shati la kutokea, kuvunja uchumba kwa mdomo wake. Alisimama mlangoni akiwa amekunja uso.

"Karibu sana, kaka!" fundi aliruka kutoka kwenye cherehani. "Koti au suruali? Una kifua cha koti wewe. Nyoosha mikono."

Mgeni alipigwa na butwaa kiasi kwamba mikono ilinyooka yenyewe. Tepu ikampita kifuani, na masimulizi yakaanza: mwalimu mkuu, bibi arusi, kijana anayelala kwa chai.

"Sasa nina mkwe mtarajiwa," fundi aliendelea, pini mdomoni. "Mwoka mikate. Nimempita mara mbili bila salamu, na anadhani namdharau. Nimekariri masharubu yake. Tangu juzi namwamkia kila mwenye masharubu: mlinzi wa benki, kinyozi, hata picha kwenye tangazo la sabuni. Silali, kaka. Mtoto wangu akose mume kwa sababu ya kichwa changu? Mtu mwema yule, nasikia. Mikate yake tu, siri yetu, chini inaungua."

"Inaungua?" mgeni alisema kwa mara ya kwanza.

"Kidogo. Tunaikwangua." Fundi alizungusha tepu tumboni, akainama kusoma, na hapo harufu ya hamira ikampanda puani. Aliinua macho taratibu. Uso ulikuwa uso tu. Chini ya pua hapakuwa na kitu, ila ngozi nyekundunyekundu, kama ya mtu aliyeungua.

"Mkwe?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Masharubu yaliliwa na tanuri Jumatano. Upande mmoja. Nikanyoa na wa pili."

Tepu ilikuwa bado imemzunguka tumbo, na hakuna aliyejua nani aiachie.

"Nilikuja kuvunja," mwoka mikate alisema. "Nilipoona unanichekea na kunipima, nikasema huyu sasa ananikebehi waziwazi." Akashusha pumzi. "Sabuni ipi?"

"Ile ya kufulia."

Kicheko kilianzia ndani ya tumbo, tepu ikakaza, pini zikamtoka fundi mdomoni. Walicheka mpaka mama wa duka la dawa la jirani akaja kuchungulia.

"Harusi iko pale pale," mkwe alisema akijifuta macho. "Na koti nalitaka. Lakini njiani utanijuaje?"

"Sitakujua. Nisaidie."

Na anamsaidia. Wa kwanza kuiga alikuwa mama wa duka la dawa, kisha kinyozi, na siku hizi mtaa mzima hujitaja ukikutana na Mheshimiwa. Lakini hakuna anayemfikia mwoka mikate, ambaye humwona fundi kutoka mbali, akaegesha baiskeli na kupaza sauti watu wageuke:

"Mkwe! Ni mimi! Wa mikate inayoungua chini!"