Nilipojenga Kibanda, Taya Likafunga

Wenzangu, mnaniona nimesimama. Baadhi yenu mlikuja kunitazama hospitalini nikiwa siwezi hata kugeuza shingo, kwa hiyo mnajua kusimama huku si jambo dogo kwangu. Naitwa Wakesho, mama yake Neema. Mwenyekiti wa kikundi chetu cha akina mama ameniomba niwaeleze yaliyonipata, nami nitaeleza yote, hata yale ya aibu.

Nimeshona nguo kiwandani Changamwe miaka mingi. Nilipostaafu nikatulia kwetu Kiembeni, nikaanza kulima kale kauwanja ka nyuma ya nyumba. Nikapanda mchicha, bamia na kunde. Lakini majembe yalilala chini ya kitanda, na gunia la mbolea likasimama sebuleni kando ya televisheni.

Mume wangu ni dereva wa lori la makontena. Ngurumo za injini zimemla masikio, na akiongea barazani kwetu, nyumba ya tatu wanaitika. Siku moja akasema kwa sauti yake hiyo, "Mama Neema, humu ndani mwanuka zizi."

Nikaita fundi anijengee kibanda cha kuwekea vitu. Akapima, kisha akaniuliza mwenye nyumba atarudi saa ngapi waongee. Nikamwambia basi, nitajenga mwenyewe.

Nikajenga kweli. Nilipima kwa futi yangu ya kushonea. Nilichimbia boriti nne pembeni, nikapigilia mbao kuukuu za makreti alizoniletea Baba Neema. Mwanzoni misumari ilipinda yote, baadaye ikaanza kunitii. Jioni nilikaa chini na kikombe cha chai, nikizitazama kuta mbili nilizosimamisha kwa mikono yangu. Nilikuwa na furaha ambayo sijui niieleze vipi.

Ndipo nikakanyaga msumari. Ulikuwa kwenye ubao niliouangusha mwenyewe juu ya mbolea ya kuku. Ulipenya ndara ukaingia kisiginoni. Nikauchomoa. Damu ilitoka kidogo tu. Nikaosha kwa maji ya chumvi, nikafunga kitambaa, nikaendelea kujenga. Kidonda kikafunga, nami nikasahau.

Wiki iliyofuata, tukinywa chai asubuhi, nilishindwa kuuma andazi la hamri. Kinywa hakikufunguka vya kutosha. Nikadhani ni jino, nikanunua dawa za maumivu. Kesho yake shingo ilikakamaa. Kumeza mate kuliuma. Nikinywa chai, inarudi puani. Nikigusa tumbo langu, ni gumu kama ukuta.

Jirani yetu Bi Zuhura, mama mtu mzima wa Kimvita, alikuja kuomba mchicha.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba, mwanangu. Mbona wacheka peke yako?"

"Sicheki."

Akanishika kidevu akanitazama. Midomo yangu ilikuwa imevutika pande zote mbili, meno nje, na hairudi.

"Huku si kucheka," akasema. "Mwite mumeo. Twenda hospitali saa hii, na wallahi sikuachi."

Daktari aliyenipokea alikuwa binti mpole. Aliniuliza kama nimechomwa na kitu siku za karibuni. Nikamwonyesha kisigino.

"Sindano ya pepopunda ulidungwa lini mara ya mwisho?"

"Nilipokuwa na mimba ya Neema," nikajibu kwa meno yaliyofungana.

"Neema ana umri gani?"

"Ana watoto wawili."

Akaandika kwenye faili. Kisha akatueleza. "Mama, hii ni pepopunda. Vijidudu viliingia na msumari, na sumu yake imeshika misuli. Tutakupa dawa ya kuizuia isiendelee. Ile iliyokwisha kushika, itabidi tuisubiri iachie yenyewe."

Nililazwa peke yangu katika chumba chenye giza, kwa sababu mwanga na kelele huamsha mishtuko. Sikujua maana yake mpaka mtu alipoangusha beseni kule nje. Mgongo wangu ulipinda kama upinde, nikabaki nimegusa kitanda kwa kisogo na visigino tu. Niliuma ulimi, damu ikajaa mdomoni. Nilijikojolea. Na wakati wote huo akili ilikuwa safi kabisa. Nasikia kila kitu, ila mwili si wangu. Chakula kilipitia mpira puani.

Baba Neema alipokuja kunitazama chumbani mara ya kwanza, alifungua mlango akaita, "Mama Neema!" Mshtuko ukanishika palepale. Muuguzi akamtoa nje, nami nikamsikia akimwambia, "Mzee wangu, sauti yako inaweza kumuua."

Nikafikiri hatarudi. Nilikuwa namjua, kunong'ona hakuwezi.

Siku iliyofuata aliingia miguu mitupu, viatu amevishika mkononi. Akakaa polepole. Akasogeza mdomo karibu na sikio langu, na ikatoka sauti ambayo sikuwahi kuisikia katika ndoa yetu yote.

"Niko hapa. Usijibu."

Tangu hapo alikuja kila siku. Alinieleza bamia zimetoa maua. Alinieleza Neema amefika kutoka Voi. Mambo yakimwishia, alinieleza jinsi alivyoniona mara ya kwanza, nimebeba kitambaa kichwani, akaitaja hata rangi yake. Sikudhani anaikumbuka. Machozi yalinishuka yakaingia masikioni, kwa kuwa sikuweza kugeuka, naye akayafuta kwa kidole.

Siku moja misuli ya kifua ilikaza na pumzi ikakatika. Madaktari walinitoboa hapa kooni, ndilo kovu hili mnaloliona, wakatia mpira wa kupumulia, wakaniunganisha na mashine. Neema aliniambia baadaye kwamba baba yake alikaa sakafuni nje ya mlango, na hakutaka kuinuliwa.

Sumu iliachia taratibu sana. Kwanza vidole, kisha tumbo. Baada ya wiki kadhaa, mpira wa kooni ukiwa umeshatolewa, daktari alinisogezea kijiko cha uji. "Jaribu," akasema. Kiliingia. Nikameza. Yule binti akageuka akajifanya anatafuta kitu mezani.

Nilirudi nyumbani miguu myembamba, nikitembea kwa kushika ukuta. Nikaomba nipelekwe nyuma ya nyumba. Kibanda kilikuwa kimefunikwa turubai.

"Nitakibomoa," Baba Neema akasema. Bado alikuwa ananong'ona.

"Kimekosa nini?"

"Kilitaka kukuchukua."

"Kilichonichoma ni msumari. Kibanda chenyewe kinangoja paa."

Akakaa chini kwenye mchanga akalia, kwa sauti yake ya kawaida sasa, mpaka Bi Zuhura akachungulia. Alipomaliza akasema, "Basi paa nitapigilia mimi. Wewe utanionyesha wapi."

Akaokota kila msumari uwanjani. Mimi nikawekewa kiti. Kwa kuwa sauti ya nyundo ilikuwa bado inanishtua, kabla ya kila pigo aligeuka akasema, "Napiga, Mama Neema," akangoja mpaka niitikie kwa kichwa. Bati moja lilitumalizia mchana mzima. Hakuna aliyekuwa na haraka.

Namshukuru Mungu. Nawashukuru wale wauguzi waliotembea kwa vidole vya miguu kwa ajili yangu, yule binti daktari, na Bi Zuhura aliyeutambua uso wangu kuliko nilivyoutambua mwenyewe. Daktari aliniambia kuugua pepopunda hakukukingi usiugue tena, kwa hiyo nimechanjwa, na Baba Neema amechanjwa.

Ninyi mnaolima, mnaofuga, mnaojenga, msidharau kidonda kidogo. Msizitegemee sindano mlizodungwa mkiwa na mimba za watoto ambao leo wana watoto wao. Na kama kuna mtu hapa amechomwa na kitu wiki hii, asione haya. Tukitoka anishike mkono. Nitakwenda naye hospitali, na tutakaa pamoja kwenye benchi mpaka aitwe.