Video Haikuniuliza Una Nini

Siisahau adhuhuri ile, mwanangu, nilipoinuka kwenye sijda nikauma kanga nisipige ukelele. Kifandugu, kile kifupa cha mwisho wa mgongo, kilikuwa kinawaka moto. Wakati huo nilikuwa bado na nguvu zangu, nauza vitumbua hapa Dunda, na kazi yangu inaanzia kwenye mbuzi ya kukunia nazi. Sasa kalia mbuzi na kifandugu kibovu, uone!

Nimwambie nani? Mume nilimwonea haya. Daktari wa zahanati nilimjua tangu anatambaa. Basi nikajifungia na simu, maana simu haikuoni, ndiyo raha yake. Nikampata kwenye video bwana mmoja nadhifu, koti jeupe, maneno matamu. Akasema hapo ni misuli imekaza tu, ukandwe kwa nguvu na maji ya moto. Chini ya video watu kibao wanamshukuru. Nikamwamini, nikateleka maji.

Maji hayajachemka, akaingia somo yangu, Bi Mwanahamisi, aliyenifunda nilipovunja ungo. Alifuata vitumbua vyake, akanikuta nimekalia upande.

"Una nini wewe?"

"Sina kitu, somo."

"Huna kitu, na uso umekusawijika hivyo? Nimekufunda mimi, leo unanionea haya? Hebu fungua kanga!"

Nikafungua, nikamweleza yote, hata ya yule bwana wa kwenye simu. Akagusa taratibu, akashtuka. "Lahaula! Hili jipu, na mwili wote unachemka. Ungekandwa hapa ungekiona cha moto. Huyo bwana wako wa kwenye simu alikuuliza kama una homa?"

Nikayaepua yale maji.

Alinipeleka hospitali kwa bajaji, nimejilaza mapajani mwake, kila shimo nalia. Daktari akasema usaha umejaa ndani, na kama ningekandwa ungesambaa. Nilipopasuliwa, mkono niliokuwa nimeung'ang'ania ni wa somo.

Mwanangu, simu sikukatazi. Nadhani yule bwana hakusema uongo. Alikuwa anasema na mgonjwa mwingine. Na wako wataalamu wanaofundisha vizuri humo. Ila angalia anayesema ni nani, anakuuzia nini, na kama anakwambia lini umwone daktari. Ukiona pamevimba, una homa, miguu inakufa ganzi, au haja inakugomea, weka simu chini uende hospitali siku hiyohiyo. Na usimwonee haya tabibu, hata kama ulimbeba mgongoni. Yeye anatafuta ugonjwa, hatafuti aibu yako.

Bi Mwanahamisi keshatangulia mbele ya haki. Kila nikikaa tahiyatu kwenye sala bila maumivu namwombea, na machozi hunitoka, namshukuru mno mama yule.

Nawe Mwenyezi Mungu akupe afya, mwanangu, akupe na mtu wako, atakayekuona umekalia upande akuulize una nini, na ukimjibu huna kitu, asikubali.