Katuni ya wanyama wenye mgahawa ilivyomponza mpishi wangu, Bibi Minza

Wakuu, heshima kwenu wote. Ninachoandika hapa ni kweli tupu, na pale nilipokosea mimi sitapaka rangi.

Juzi mjukuu wangu alishika simu, anaangalia anime, zile katuni za Kijapani. Wanyama wamefungua mgahawa: dubu anapika, sungura anapeleka chai mezani. Mtoto anacheka mpaka kwikwi.

Nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi. Mke wangu akadhani ni presha.

Haikuwa presha.

Miaka ya tisini, enzi za ruksa, nilikuwa na mgahawa Kirumba, karibu na mwaloni, pale samaki wanaposhushwa. Nikisema mgahawa usipige picha kubwa. Mabati, mabenchi sita, na mapanki. Kwa wasioijua Mwanza ya wakati ule: viwanda vilichukua minofu ya sangara ikaenda Ulaya, sisi tukabaki na kichwa na mifupa. Tunakaanga, tunakula, tunashukuru.

Mpishi wangu alikuwa Bibi Minza, mjane wa Kisukuma kutoka kijiji kimoja huko Misungwi. Macho yake yalikuwa mekundu mwaka mzima. Amepikia kuni na mavi ya ng'ombe ya kukausha tangu usichana, yangekuwa rangi gani?

Msimu wa mpunga alikuwa anaomba ruhusa, anarudi kwenye majaruba aliyoachiwa na marehemu mumewe.

Basi nikanunua tivii na deki, mkono wa pili. Nilibishana na mwenye duka siku tatu mpaka akachoka, akanipa na nyongeza: mkanda mmoja wa katuni ya Kijapani. Nilitoka pale kifua mbele. Sasa naelewa kwamba hakuna mtu aliyeutaka.

Wakati ule mkanda wa kigeni ulihitaji mtu wa kusimama kando ya tivii na kutafsiri. Mimi Kijapani sijui hata salamu. Nikatafsiri hivyo hivyo.

Kwenye katuni kulikuwa na nyani jike mzee, mpishi, macho mekundu kama taa za breki. Mhudumu wake alikuwa mnyama wa madoadoa. Labda alikuwa mbwa. Mimi nikamwita fisi, kwa sababu fisi anachekesha zaidi.

Nikamsemea yule fisi: "Bibi Minza! Panki la meza ya pili limeiva?"

Banda zima likaangua kicheko. Na Bibi mwenyewe akajibu kutoka jikoni, "Mwambieni asubiri! Huyo fisi ni mvivu, jana nimemtuma Magu mpaka leo hajarudi!"

Nikahesabu vichwa kwenye mabenchi, arobaini. Nikarudia, arobaini na mmoja. Kabla ya hapo sikuwahi kufika ishirini.

Kwa hiyo kesho yake nikarudia. Na keshokutwa. Wiki tano.

Hapa nisimame kidogo. Mimi ni Mhaya wa Muleba. Kwetu fisi ni fisi. Usukumani, fisi anayetumwa na bibi kizee ni usafiri wa mchawi, na bibi mwenye macho mekundu ameshashukiwa kabla hajafungua mdomo. Je, nilikuwa sijui? Nilijua. Nilishakaa Mwanza miaka tisa. Nilidhani mjini hayo mambo yamekwisha. Sikufikiria kwamba wateja wangu jioni wanarudi vijijini kwao.

Bibi akaenda kuvuna. Siku chache baadaye akaja mchuuzi mmoja wa dagaa, Sitta, wa kijiji kilekile. Hakuagiza chakula.

"Mzee, tivii yako inasemaje?"

"Inasema karibu ukae."

"Kule kwetu wanasema kwa Mhaya kuna tivii inamwonyesha Bibi Minza na fisi wake. Lushinge kafiwa na ng'ombe wawili. Anasema sasa ushahidi upo."

Lushinge alikuwa mtoto wa shemeji yake Bibi. Majaruba yale alikuwa anayatolea macho tangu mazishi ya baba yake mdogo.

Nikajiona mjanja. Nikasema dawa ni kuwaonyesha. Wakiona ni michoro tu, watacheka, yataisha. Nikaazima pikapu na jenereta, nikapakia tivii na deki, saa nne asubuhi niko uwanjani kwa mwenyekiti wa kijiji. Watu wakajaa. Bibi alikaa mbele, kwenye kigoda, kanga mpya.

Nikawasha. Safari hii sikutafsiri neno, ili waione katuni yenyewe ilivyo.

Wakuu, hakuna aliyecheka. Nyani anakoroga chungu, macho yanawaka, fisi anainama mbele yake, na wote wanaongea lugha ambayo hakuna aliyewahi kuisikia. Mama mmoja akambeba mtoto wake akaondoka.

Mwenyekiti akauliza, "Hiyo lugha unaijua?"

"Siijui."

"Sasa ulijuaje wanachosema?"

"Nilitunga, mzee. Uongo mtupu. Wa kuchekesha wateja."

Lushinge akanyanyuka. Hakuwa na hasira, aliongea taratibu kama mtu wa ofisini. "Sawa, ulitunga. Mabibi wapo wengi Mwanza. Kwa nini ukamtunga huyu?"

Nikajibu ukweli.

"Kwa sababu ya macho yake."

Bibi Minza aliniangalia, kisha akaangalia chini. Nilikuwa nimetoka mbali, kwa mafuta yangu, kuja kutoa ushahidi dhidi yake.

Wazee wakajitenga, wakarudi na neno moja: achukue nguo zake, apande hilo pikapu, aondoke leo.

Na hapa ndipo ninapowaomba mnisome polepole.

Mimi bei ya kwanza sijawahi kuikubali maishani mwangu. Nikaingia kazini. Nikasema mpunga umeiva, mnamfukuza mjane na jasho lake likiwa shambani? Nipeni mwezi. Wakasema siku mbili. Nikasema wiki tatu. Lushinge alikuwa kimya muda wote, na mimi ukimya wake nikauhesabu kama ushindi. Tukafunga kwa siku kumi. Tukashikana mikono.

Nikamwendea Bibi. "Nimekupatia siku kumi. Vuna, nakuja kukuchukua."

"Wewe unaonaje, mwanangu? Nisiende tu na wewe sasa?"

"Bibi, na mpunga?"

Akatikisa kichwa. "Haya. Wewe ndiye unayejua kuongea na watu."

Siku ya sita Sitta alikuja mbio mgahawani. Walimkuta Bibi jarubani mchana kweupe, mundu wake ukiwa bado mkononi. Zaidi ya hapo sitaeleza, humu kuna watu wanasoma wakiwa wanakula.

Nilikwenda kuzika. Tulikuwa watu saba. Nilihesabu tena nikidhani nimekosea. Saba. Mpunga uliobaki aliuvuna Lushinge.

Watu huniambia wauaji ni wauaji, mzee usijibebeshe. Nashukuru. Lakini najua mlango ulikuwa wazi, gari linaunguruma, na yeye mwenyewe aliniuliza.

Nilichojifunza ni hiki. Maneno ya kuchekesha yana miguu, yanafika usikofika wewe. Na mtu akikupa roho ya mwenzako kwa bei ya kwanza, chukua, pakia, ondoka. Usiombe nyongeza.

Uwanja ni wenu. Mwenye swali aulize, mwenye tusi alilete, nitasoma yote. Na kama kuna mtu wa Misungwi humu mwenye bibi yake aliyepitia hayo akapona, naomba aandike alitoka vipi. Hilo ningependa kulisoma kabla ya mengine yote.