Gita Tupu na Betri za Kijiji

Mwenyekiti wetu wa kijiji pale Kinyangiri alikuwa na sheria moja kuhusu redio: betri ni mali ya kijiji, na kijiji kimezinunua kwa ajili ya maneno. Hotuba, taarifa ya habari, bei ya pamba, sawa. Gita tupu likianza, mkono wake ulikuwa tayari kwenye swichi.

Mimi nilikuwa mwalimu wa watu wazima, na ugonjwa wangu ulikuwa gita tupu hilohilo. Jioni, kabla ya habari, redio ilikuwa ikipiga bluzi moja ya bendi ya Dar es Salaam, haina mwimbaji. Gita la kwanza linauliza, la pili linajibu kwa kusitasita, halafu yanapanda pamoja, na hapohapo mzee anazima. Miaka miwili! Nilijitolea hata kuzianika betri juani kila asubuhi, kando ya mtama, zipate nguvu. Wapi! Nikamwendea, shikamoo kwanza, nikamsihi aniachie siku moja tu nisikie inavyoishia.

“Mwalimu,” alisema, “hao bado wanajaribu vyombo. Wakianza kuimba nitafungulia.”

Roho iliniuma, lakini mkubwa hajibiwi.

Kisha bendi yenyewe ikaja Singida mjini, dansi la mchana, Jumamosi. Nilidandia lori lililopeleka pamba yetu. Mwenyekiti alikaa mbele na dereva. Ukumbini yeye alibaki mlangoni, mimi nikajipenyeza mpaka miguuni pa wapigaji. Nyimbo tatu za kwanza watu walicheza mpaka vumbi likatimka. Ya nne ilikuwa ile bluzi, na ukumbi mzima ukasimama. Kwetu ngoma haichezwi mpaka mwimbishaji atoe sauti, kwa hiyo kila mtu alisubiri kwa adabu, mikono nyuma. Magita yakauliza, yakajibu, yakaanza kupanda. Mpiga gita la solo akatazama sakafu, akawatikisia wenzake kichwa. Wakakata. Mwimbaji akashika kipaza sauti.

Walipopumzika nilimfuata yule mpiga solo nikamuuliza, kwa ukali kabisa, kwa nini wameikatiza.

“Hakuna aliyecheza, ndugu yangu,” alisema. “Watu wakiicheza, tunaipiga hata nusu saa.”

Nilikuwa nimesimama hatua mbili tu kutoka kwake muda wote ule, mikono nyuma, nasikiliza.

Wakati wa kupanda lori mwenyekiti alinicheka, akasema umeona, hata wenyewe wanazima.