Lifti Isiyomngoja Bibi

Shangazi yangu hapendwi na mtu, na yeye hajawahi kuomba apendwe. Watu wa jengo lao wanamwita Miguu Arobaini. Si kwa mwendo, ingawa anatembea kama anafukuzwa. Ni kwa sababu ya chipu. Muulize jambo lolote la umeme, hata taa tu imekufa, ataanzia kwenye ile chipu ya kwanza aliyoishika akiwa msichana wa miaka kumi na tisa: nyeusi, ndefu kama kidole, miguu ishirini huku na ishirini huku. Usipomkatiza mtakesha.

Baba ni mdogo wake, wa tumbo moja. Yeye hata hilo jina la utani hamwiti. Anamwita "yule".

Chipu za Shangazi si zile za kompyuta, na hilo atakwambia kabla hujakaa. Zake ni za mawimbi: sauti, umeme wa mota, chochote kinachopanda na kushuka. Zinazidisha na kujumlisha, zinazidisha na kujumlisha, mamilioni ya mara kwa sekunde moja, basi.

"Chipu ya kompyuta ni mama mwenye nyumba," aliniambia siku moja nilipokwenda kumwona Bibi. "Anapika, anafua, anapokea wageni. Hii yangu ni mtwangaji. Inatwanga tu. Lakini ikishika mchi, huyo mama mwenye nyumba atabaki kinywa wazi. Na wewe funga chako, nzi wataingia."

Alianza kwenye karakana ya simu. Wale wa miguu arobaini walikuwa wanafuta mwangwi kwenye simu za mbali, na yeye alikuwa anabadilisha waliokufa. Baada ya miaka minane wakaja wadogo zao wa ukoo uleule, wa mraba, miguu pande zote nne, mmoja akifanya kazi ya kumi. Kadi, yaani vile vibao vya kubebea chipu, zikapungua, mikono ikapunguzwa, na wa kwanza kutoka akawa yeye, maana alikuwa amemwambia mkuu wa karakana mbele ya watu kwamba anashika kalamu ya kulehemu kama mtoto anayeshika kijiko.

Akaenda kwa watengenezaji wa mashine za muziki. Huko kulikuwa na ukoo mwingine, wenye kuhesabu kwa desimali. Zile za simu zilijua namba kamili tu. Hizi zilikuwa hodari, ila zinakula umeme na kuchemka. "Zinajiona," anasema mpaka leo, kama anasengenya jirani. Zikaja za simu za mkononi, nyembamba, zinazoishi kwa betri ndogo siku nzima. Hizo hakuzipenda kabisa, anaziita wafunga saumu. Mwisho akaingia kwenye viwanda, kwenye chipu zinazoendesha mota. Huko alikaa muda mrefu kuliko kwingine. Kisha chipu zenyewe zikamezwa. Leo mtwangaji yuko tumboni mwa chipu nyingine kubwa ambayo haina miguu, ina vijipira vya risasi ya kulehemu chini ya tumbo, na huwezi kumtoa wala kumtia. Akaambiwa aende nyumbani, ana miaka hamsini na sita.

Kila ukoo uliokuja ulimtoa kazini, na bado anazijua kama mtu anavyowajua wakwe zake: nani kamzaa nani, nani haelewani na nani, nani ukimweka karibu na nani kutawaka.

Sasa lifti. Shangazi anakaa ghorofa ya nane na Bibi, mama yao. Bibi ana magoti mabovu, anatembea kwa fremu ya chuma yenye miguu minne. Lifti ilipokufa, wakaja watu wa kampuni, wakafungua kadi, wakasema chipu yake haitengenezwi tena, ni lazima lifti nzima ibadilishwe. Msimamizi wa jengo akabandika karatasi mlangoni: IMEHARIBIKA. Karatasi ikakaa miezi mitatu, na Bibi akakaa juu miezi mitatu. Kisha daktari akasema anataka kumwona kliniki, Jumatatu, bila kukosa.

Baba akapanda ngazi zote nane, mimi nyuma yake. Hakumwamkia dada yake.

"Mama anahamia kwangu," alisema huku anahema. "Kwangu ni chini. Hakuna ngazi hata moja."

"Wala dirisha la maana," Shangazi akajibu. "Akale ukungu wa ukuta?"

"Bora ukungu. Wewe umemfungia juu kama kuku."

"Kuku ni aliyepanda ngazi mdomo wazi. Kaa, usije ukanifia hapa, nitakupitisha wapi?"

"Mimi nipo," alisema Bibi kutoka kwenye kiti chake. "Mnaniongelea kama nimeshazikwa."

Wakanyamaza. Si kwa adabu, kila mmoja alikuwa anatafuta tusi jingine.

"Nisikilizeni," Bibi akasema. "Jumatatu lifti ikitembea, nabaki hapa. Isipotembea, nahamia chini, na sitarudi kupanda tena. Nimemaliza. Sasa mmoja wenu anipe maji."

Wote wawili wakaenda jikoni, wakagombania glasi.

Siku ileile Shangazi akamwendea msimamizi kudai ufunguo wa chumba cha mitambo kilicho juu ya paa. Msimamizi akamwambia hana ruhusa ya kumpa mtu asiye na kampuni. Shangazi akamwuliza kama ruhusa anayo ya kuwabebesha wazee maji hadi ghorofa ya nane, na kama anayo, aanze na ndoo ya kwake. Ufunguo ukatoka.

Kwenye bati lake la biskuti ana chipu zimechomekwa kwenye sponji, ukoo kwa ukoo. Wa miguu arobaini, kama yule wa kwenye lifti, hakuwepo hata mmoja. Alikuwepo mdogo wake, wa mraba, miguu sitini na nane.

"Atafaa," alimwambia Bibi mezani, mimi nimekaa pale. "Ukoo mmoja, lugha moja. Programu ya mkubwa, mdogo anaisoma. Ninabadilisha mistari michache tu."

"Na miguu je? Arobaini na sitini na nane ni sawa?"

"Miguu nitamtengenezea daraja."

Akatengeneza kijibao kidogo, waya mmoja mmoja, kwa siku tatu, akiwatukana watengenezaji kwa zamu. Kulikuwa na tatizo moja lililomfurahisha, kwa kuwa alijua hakuna mwingine ambaye angeliona. Kwenye kadi kuna kijidude kinachopiga mapigo kama saa, na chipu inatembea kwa mapigo hayo. Mkubwa anatumia mapigo manne kwa hatua moja. Mdogo anatumia mawili. Kwa hiyo kila kitu ambacho programu inakingoja kwa kuhesabu hatua, mdogo atakingoja nusu ya muda. Ukimweka hivihivi, breki itaachia kabla mota haijashika.

"Wale wa kampuni wangeua watu," alisema, na uso wake ulikuwa mzuri kidogo. Akapitia mahesabu yote ya mota, yote ya breki, akayazidisha mara mbili. Akarudia. Akasema amemaliza.

Jumatatu asubuhi watu walikuwa wamejaa kwenye ngazi kama wamekuja kuangalia moto. Baba alikuja na kiti cha mbao chenye mikono na vijana wawili wa kukibeba, na mimi wa kubeba mfuko wa Bibi.

"Kiti cha nini?" Shangazi akamwuliza.

"Cha kumshusha mama ukishindwa."

"Kalia wewe."

Akaingia peke yake, akashuka mpaka chini, akapanda. Lifti ilikwenda laini, haikutikisika hata kidogo. Mlango ukafunguka, akatoka, ukajifunga nyuma yake. Mama mmoja wa ghorofa ya tano, ambaye hajamsalimia tangu wagombane juu ya kamba ya nguo, akapiga makofi mara tatu kisha akajizuia.

"Miguu Arobaini kaweza," alisema msimamizi, kama mtu anayeng'olewa jino.

Baba alikuwa anakitazama kiti chake.

Bibi akatoka chumbani amevaa nguo ya kutokea. Shangazi akabonyeza kitufe, mlango ukafunguka. Bibi akasogeza fremu, akavuta mguu, akasogeza fremu, akavuta mguu. Fremu ilipokuwa imeingia na Bibi yuko bado nje, mlango ukajifunga. Ukaibana fremu, ukaachia, ukasubiri kidogo tu, ukaibana tena. Bibi akayumba. Nilimdaka kiunoni.

"Mama, kaza mwendo kidogo," Shangazi alisema.

Hakuna aliyecheka. Hata yule mama wa ghorofa ya tano.

Mlango ukabana mara ya tatu, na mguu mmoja wa fremu ukapinda. Hapo ndipo nilipomwona Shangazi anageuka rangi. "Mlango," alisema, si kwa mtu yeyote. Mlango nao unahesabu hatua. Ulikuwa unangoja sekunde nane, sasa unangoja nne. Mota aliihesabu, breki aliihesabu, mlango hakuufikiria, maana yeye mwenyewe sekunde mbili zinamtosha na kubaki.

"Saa moja," akasema. "Nipeni saa moja tu, ni namba moja ya kubadilisha."

"Daktari hangoji saa moja," Baba akasema, na sauti yake ilikuwa tamu. "Vijana, leteni kiti."

"Mama, saa moja!"

Bibi alikuwa ameshika ukuta. Alimtazama binti yake.

"Miaka minne nakaa na wewe," alisema. "Hujui naingia mlangoni kwa hatua ngapi?"

Shangazi akaiangalia miguu ya Bibi.

"Umesikia?" Baba akadakia. "Umesikia maneno ya mama?"

"Na wewe je," Bibi akamgeukia. "Unajua ni ngapi?"

Baba naye hakujua. Ni saba, na fremu kila hatua. Hawakuniuliza.

Bibi akakalishwa kwenye kiti, vijana wakambeba ghorofa nane, kila kona wakimgongesha, na yeye akiwatukana taratibu kwa majina ya baba zao. Nyuma yetu Shangazi hakufuata. Tulisikia mlango wa ngazi za kwenda paani ukipigwa kwa nguvu. Kutoka kliniki Bibi akaletwa kwetu, akapewa kitanda changu.

Siku nne hazikuwa na amani. Baba alimwuliza Bibi kila asubuhi kama amelala vizuri, na kila asubuhi Bibi alisema ukuta unanuka. Baba akapaka rangi. Bibi akasema sasa inanuka rangi.

Ijumaa, baada ya saa sita mchana, mlango ukagongwa. Alikuwa Shangazi, na mkononi ana saa ya zamani yenye mshale wa sekunde.

"Unataka nini?" Baba akamwuliza.

"Sijaja kwako." Akampita kwa bega, akafika kwa Bibi. "Shikamoo mama. Simama, tembea mpaka mlangoni."

"Mimi ni punda wa kufundishwa?"

"Nataka kuhesabu."

Bibi akamtazama, akamtazama na Baba, akashika fremu yake iliyopinda, akasimama. Akaanza kutembea. Mimi namjua mwendo wake, na ule haukuwa mwendo wake. Alisogeza fremu nusu ya anavyosogeza, akatulia, akavuta mguu kana kwamba ni wa mtu mwingine, akatulia tena. Katikati akasimama kabisa, akapanga khanga yake. Alipovuka mlango Shangazi aliangalia mshale.

"Sekunde thelathini na moja," alisema. "Mama, unanifanyia makusudi."

"Ndiyo."

"Mlango ukingoja sekunde thelathini na moja kila ghorofa, jengo zima litanilaani. Wataniua."

"Si hawakupendi tangu zamani?" Bibi akasema. "Weka hizohizo. Ukiweka hizohizo, Jumapili nifuate. Ukipunguza hata moja, nafia hapahapa kwenye ukungu."

Baba akasema huu ni upuuzi, mama hatoki nyumbani kwake, na yule aondoke sasa hivi. Shangazi alikuwa ameshatoa kalamu. Aliandika namba ile kwenye kiganja chake, akaipulizia ikauke, akaondoka bila kumuaga mtu.

Jumapili saa nne asubuhi alikuja kumfuata.